Mgeni Aje, Ibada Isiyumbe: Mwongozo wa Kupokea Watalii Kwenye Mahali Patakatifu pa Morogoro na Uluguru

Mwongozo huu ni wako wewe uliye kwenye kamati ya msikiti, halmashauri ya parokia, uongozi wa hekalu mjini Morogoro, au ukoo unaotunza msitu wa tambiko huko juu Uluguru. Ni wako pia kijana unayeongoza watalii na kuulizwa kila mara, "Je, tunaruhusiwa kuingia?" Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, mtu anafika mji huu, unaoitwa "mji kasoro bahari", kwa muda usiozidi saa mbili. Wengi wanaelekea Mikumi au wanapanda milima kupitia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Njiani wanaona mnara, msalaba, kuba au kichaka cha miti mikubwa isiyokatwa, na wanataka kujua ndani kuna nini.

Wakikosa wa kuwapokea, mambo huwa mawili. Ama wanaondoka hawajajua lolote, ama wanaingia wenyewe na viatu vyao, wanapiga picha watu waliosujudu, na mwisho wa siku lango linafungwa kwa kufuli. Hasara hizi zote zinazuilika. Mgeni hupokelewa vizuri na nyumba inayoijua mipaka yake na kuitamka mapema, kwa upole, kabla mtu hajaivuka. Nyumba isiyoijua mipaka yake huishia kumkemea mgeni kwa kosa ambalo hakuna aliyemwambia kuwa ni kosa.

Nimechagua kuanzia kwa mahekalu ya Kibuddha, kwa sababu katika bara la Asia yamepokea wageni wa imani nyingine kwa muda mrefu, yakaumia, yakajifunza. Nasi tunalo la jirani. Hekalu la Kibuddha la Upanga, Dar es Salaam, lilianzishwa karibu mwaka 1920 na Wasinhala waliotoka Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon. Uani kwake kuna mti wa Bodhi, wa jamii ya mikuyu, unaoheshimiwa kama kizazi cha mti ambao Buddha alikaa chini yake. Uganda nako kuna Kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Jumuiya hizi ni ndogo, zimezungukwa na majirani wa dini nyingine, hivyo karibu kila anayebisha hodi ni mgeni wa imani. Ndiyo maana zina la kutufundisha.

1. Kwanza kaeni na waumini wenu

Kamati nyingi huanza na bango na bei. Anzeni na watu wanaosali hapo. Waiteni siku ya kawaida, baada ya ibada, wanawake na wanaume, wazee na vijana, muwaulize maswali matatu: Ni saa zipi hamtaki mgeni kabisa? Ni sehemu ipi hamtaki mgeni aione? Ni jambo gani mngependa mgeni aondoke akilijua?

Majibu yataandikwa na kusomwa mbele ya wote. Msikitini, sala ya Ijumaa na nusu saa kabla na baada yake huenda zikatolewa kwenye ratiba ya ziara. Parokiani, misa, maungamo na mazishi. Kwenye hekalu la Kihindu, saa za ibada za puja na arati. Wengine watasema mgeni anakaribishwa kukaa nyuma kimya, wengine watasema asubiri nje. Jibu lolote ni halali mradi limetoka kwa wenye nyumba.

Hekalu la Saiho-ji la mjini Kyoto, Japani, linalojulikana kwa bustani yake ya kuvumwani, lilizidiwa na watalii hadi mwaka 1977 likaacha kupokea watu wanaojitokeza tu mlangoni. Tangu hapo mgeni huomba nafasi mapema, na kwa miaka mingi desturi ya hapo imekuwa kwamba kabla ya kuiona bustani anaketi ukumbini na kunakili maandiko kwa mkono. Hekalu halikufungwa. Lilijirudishia kazi yake ya asili, na anayekwenda anashiriki kidogo katika ibada badala ya kupita akiangaza macho. Nanyi mnaweza kuamua kwamba ziara ni kwa miadi tu, au ni siku mbili tu za wiki. Mlango unaofunguliwa Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa sita, na kila mara ukakutwa wazi, una faida kuliko ule ulioandikwa "karibu muda wote" na mwenye ufunguo hapatikani.

2. Gaweni eneo lenu sehemu tatu

Chukueni karatasi, mchore ramani ya kiwanja chenu, kisha mgawe.

Sehemu ya kwanza ni ya kila mtu: geti, ua, bustani, ubao wa matangazo, choo, benchi chini ya mti. Hapa mgeni anaingia bila kuuliza.

Sehemu ya pili ni ya mgeni aliyeongozwa: ukumbi wa sala, kanisa lenyewe, veranda ya hekalu. Anaingia akiwa na mwenyeji, amevaa inavyotakiwa, katika saa zilizopangwa.

Sehemu ya tatu si ya mgeni: kwenye mihrabu, altareni na sakristia, chumba cha miungu, makazi ya watawa, kaburi la mkuu wa ukoo, kina cha pango. Hapa hapana mjadala wala ruhusa ya kununuliwa kwa fedha. Mtalii aliyetoa laki moja ana mipaka ileile ya aliyetoa elfu mbili.

Mstari kati ya sehemu na sehemu uonekane kwa macho: kamba, kizingiti, mkeka, jiwe lililopakwa chokaa. Mgeni asiyejua lugha yenu ataelewa kamba.

3. Mlangoni: viatu, mavazi na maji

Heshima au fedheha ya mgeni huanzia pale anapovua viatu, kwa hiyo pafanyieni kazi pale kuliko mahali pengine popote.

Wekeni benchi la kimo cha sentimita 45 hivi, lenye nafasi ya watu wanne. Mzee wa miaka 70 hawezi kufungua kamba za buti la mlimani akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na wanaoshuka kutoka kilele cha Lupanga huja na mabuti yaliyojaa udongo mwekundu. Pembeni ya benchi kuwe na rafu ya viatu yenye paa, bomba la maji tiririka au ndoo yenye koki, brashi ya kukwangulia tope na mkeka wa kukaushia miguu. Kwa asiyeweza kuvua kiatu, kama mwenye mguu bandia au kiatu cha tiba, kuwe na mifuko ya kitambaa ya kufunikia kiatu. Magurudumu ya kiti mwendo yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Hakuna anayeambiwa ashuke kwenye kiti chake.

Mavazi nayo yasiwe sababu ya kumrudisha mtu. Kwenye Msikiti wa Taifa wa Uganda, Old Kampala, mwanamke mgeni hupewa vitambaa vya kujisitiri papo hapo kabla ya kuanza ziara. Hilo ni rahisi kuliko yote: khanga au vitenge kumi, vioshwe kila wiki, vikunjwe kwenye kikapu. Mwanamume aliyevaa kaptura naye afungwe kikoi au kitenge. Sheria ya mavazi inayowabana wanawake peke yao huonekana haraka na huchukiza. Mwenyeji ampe mgeni kwa mikono miwili na kusema, "Karibu, hii ni ya kujifunga ukiwa ndani." Asimtazame juu hadi chini.

Kila sharti lina sababu, na sababu ikisemwa mgeni hulishika kwa moyo. Tazama hekalu la Kibuddha la mapokeo ya Theravada, kama lile la Upanga. Unavua viatu na kofia, mabega na magoti yamefunikwa. Ukikaa sakafuni unakunja miguu pembeni au nyuma ili nyayo zisielekee sanamu ya Buddha, kwa kuwa unyayo ndio sehemu ya chini kabisa ya mwili na kumwelekezea mwalimu ni kumvunjia heshima. Mtawa hali chakula kigumu baada ya adhuhuri, hivyo anayetaka kumpelekea chakula apeleke asubuhi. Mwanamke hamkabidhi mtawa kitu mkono kwa mkono. Hukiweka mezani au kwenye kitambaa, kwa sababu mtawa ameweka nadhiri ya kutogusana na wanawake. Mwambie mgeni hayo kwa dakika mbili, utaona anakaa kwa adabu kuliko uliyemwonyesha bango lenye mistari kumi ya "marufuku".

4. Njia ya kila mwili

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Hata pasingekuwa na sheria, ni aibu kwa nyumba ya Mungu kuwa na ngazi tu. Na anayefaidi kwanza si mtalii. Ni bibi wa mtaani kwenu aliyeacha kuja ibadani tangu magoti yalipochakaa.

Ngazi tatu za kuingilia zina kimo cha sentimita 45 hivi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila sentimita 1 ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo ngazi zenu tatu zinadai njia ya mteremko yenye urefu wa mita 5 na sentimita 40. Hapo ndipo wengi wanapokosea: fundi anaweka kibao cha zege cha mita moja na nusu, kikali kama paa, na aliye kwenye kiti mwendo anahitaji wanaume wawili wa kumsukuma na wawili wa kumshika asirudi nyuma. Mita tano zikikosekana mbele ya mlango, pitisheni mteremko ubavuni mwa jengo au uukunje katikati, mkiacha kituo bapa cha kugeuzia chenye mita moja na nusu kila upande. Upana usipungue sentimita 90. Mkipata 120, bora zaidi. Pande zote mbili kuwe na kingo ya chini ya kuzuia gurudumu na bomba la kushikia la kimo cha sentimita 90 hivi.

Kisha ifikirieni mvua ya Uluguru. Zege lililosuguliwa likang'aa huteleza kama sabuni wakati wa masika. Mwambie fundi, kabla zege halijakauka, alipitishie ufagio mgumu kukata njia ili libaki na mistari. Kazi hiyo ni ya dakika kumi na haina gharama. Mfereji wa maji upite pembeni na usikatize njia. Ukilazimika kukatiza, ufunikwe kwa nondo zilizosogeana, mwanya usimeze gurudumu dogo la mbele wala ncha ya gongo.

Mlango uwe na upana wa sentimita 80 zilizo wazi kabisa, ukipima kutoka fremu hadi ubao wa mlango uliofunguliwa. Choo kimoja kiwe cha kukaa, chenye mlango unaofungukia nje na bomba la kushikia ukutani. Kwa wasioona, mpeni mwenyeji mafunzo mafupi: ajitambulishe kwa jina, amruhusu mgeni ashike kiwiko chake, atamke kilicho mbele ("ngazi mbili kwenda chini, halafu mkeka"), amgusishe vinavyoruhusiwa kuguswa, kama nguzo, mlango wa kuchonga au kengele. Kwa kiziwi, andaeni maelezo yote kwa maandishi ukurasa mmoja, na mjue mapema ni nani mjini anayeweza kuja kutafsiri kwa lugha ya alama.

Mahali pengine mlimani hapatafikika kwa kiti mwendo, na kusema kweli ni sehemu ya ukarimu. Andikeni wazi kwenye tangazo lenu: njia ina urefu gani, ina ngazi ngapi, choo kiko wapi, bajaji inafika hadi wapi, bodaboda hadi wapi. Mwenye magongo ataamua mwenyewe akiwa mjini, na hataachwa njia panda katikati ya mteremko.

5. Maneno ya ukutani na maneno ya mdomo

Bango la mlangoni lisizidi mistari sita. Lianze kwa Kiswahili, kisha Kiingereza; mkiona wageni wa lugha nyingine ni wengi, ongezeni. Hiki ni kielelezo mnachoweza kukirekebisha:

*Karibu. Hapa ni nyumba ya ibada na watu wanasali kila siku.*
*Ziara ni Jumanne na Alhamisi, saa 4 hadi saa 6 mchana.*
*Tafadhali vua viatu kwenye benchi. Khanga na kikoi vipo kikapuni.*
*Mwenyeji atakutembeza. Ukihitaji msaada wa kuingia, piga kengele.*
*Uliza kabla ya kupiga picha.*
*Asante kwa heshima yako.*

Angalieni saa. Mgeni akisoma saa 4 atafikiri ni alfajiri au jioni. Kwenye upande wa Kiingereza andikeni saa kwa hesabu ya kizungu, na mchore uso wa saa. Ratiba imewahi kuharibika kwa hilo tu.

Mwenyeji ni muhimu kuliko bango. Mchagueni mtu anayesali hapo, mwenye subira, anayependa kuulizwa. Asikariri hotuba ya dakika arobaini. Mambo manne yanamtosha: nani walijenga na lini, watu hufanya nini humu wiki nzima, kitu kimoja cha kutazama kwa karibu, na kipi wageni hawaruhusiwi na kwa nini. Kisha anyamaze dakika tatu ili mgeni akae tu. Katika hekalu la Kibuddha kimya hicho ni sehemu ya ziara, na katika kanisa au msikiti kina uzito uleule.

Morogoro ina mengi ya kusimuliwa. Mji huu umekuwa njia panda ya biashara, reli na mkonge. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walisogea bara hadi kwenye vilima hivi, na misheni kama Matombo bado zina majengo yanayomfanya msafiri asimame. Waislamu, Wakristo na Wahindu wameishi mtaa kwa mtaa, na hadi leo mji una Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro pamoja na chuo cha Kikatoliki cha Jordan. Mgeni akitembezwa kwa miguu, asubuhi moja, kwenye msikiti, kanisa na hekalu, akapokelewa vizuri kote, ameona kitu ambacho nchi nyingi hazina. Kaeni kamati tatu, mpange ratiba moja. Hakuna anayepoteza waumini kwa kumwelekeza mgeni kwa jirani.

Mtawafundisha pia waongoza watalii wa nje. Kijana wa kampuni akija na kundi, naye anavua viatu, naye anazima simu, naye anamsalimia mzee wa mahali kabla ya kuanza kusimulia. "Shikamoo mzee, nimeleta wageni wanne." "Marahaba, karibuni." Wageni wanatazama anachofanya yeye na kukifuata.

6. Picha

Toeni uamuzi mmoja unaoeleweka. Kuna mahali pa kupiga picha bila kuuliza: uani, mbele ya jengo. Kuna mahali pa kuuliza: ndani, pasipokuwa na ibada. Na kuna visivyopigwa picha kamwe: mtu anayesali, mtoto bila ruhusa ya mzazi, maiti, tambiko. Ndege zisizo na rubani zinahitaji vibali vya serikali, na hata mwenye kibali aombe ruhusa yenu kwanza.

Elezeni na mkao wa kupigia picha. Nchini Sri Lanka mgeni anayeipa mgongo sanamu ya Buddha ili ajipige selfi anahesabiwa kuwa amekosa adabu, na mwaka 2012 watalii Wafaransa walipatikana na hatia huko kwa picha walizopiga wakijifanya kubusu sanamu. Mgeni mwenye nia njema hataki kufika huko. Mwonyesheni pa kusimama: weka alama sakafuni, "piga picha ukiwa hapa", na mahali hapo pawe na mandhari nzuri kweli.

7. Fedha ziwe na macho mengi

Kamati nyingi huvunjika hapa. Amueni kama mnachukua kiingilio au sadaka ya hiari, na msichanganye. Kiingilio kiwe kimeandikwa ukutani, kimoja kwa wote wa kundi lilelile, na stakabadhi itolewe. Sadaka iwe sadaka: sanduku lenye funguo mbili kwa watu wawili, lifunguliwe mbele ya watatu, kiasi kiandikwe daftarini. Lipa namba isajiliwe kwa jina la taasisi, isiwe simu ya katibu. Anayekuja kusali asilipe wala asikaguliwe, hata akiwa mgeni kutoka ng'ambo.

Kila miezi mitatu bandikeni ubaoni: tumepokea kiasi hiki, tumetengeneza choo, tumelipa mwenyeji, tumenunua khanga. Mwenyeji alipwe. Kazi ya kupokea watu kila siku kwa uso mkunjufu ni kazi, na asiyelipwa ataanza kujilipa kwa kuomba bakshishi.

8. Msitu wa tambiko na pango

Uluguru ina mahali patakatifu pasipo na paa. Waluguru ni watu wa ukoo wa upande wa mama. Ardhi, majina na matambiko hupitia huko. Kinole ni kwao Kingalu, mtawala aliyesifika kwa mvua, ambaye jina lake leo limepewa soko kuu la mjini Morogoro. Upande wa kusini mashariki kuna Kolero, penye pango la Kolelo, ambalo zamani lilifuatwa na watu kutoka Uluguru, Ukutu hadi Uzaramo waliotaka mvua na ushauri. Wanahistoria wa Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, wanalitaja katika asili ya imani iliyowaunganisha wapiganaji. Mahali kama hapo ni pa historia ya taifa, na wakati huohuo ni pa watu maalumu wenye wajibu wa kupatunza.

Hatua ya kwanza hapa ni ruhusa, na ina ngazi. Mtafuteni mkuu wa ukoo na wazee wake, wakiwemo akina mama, kwa kuwa ukoo ni wao. Pitieni ofisi ya mtendaji wa kijiji, mtie sahihi kitabu cha wageni. Eneo likiwa ndani ya hifadhi, kibali kinatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Wazee wakisema hapana, ziara haipo, na mwongoza watalii mwema anaeleza hivyo kwa fahari: kuna mahali Uluguru ambapo hapaoneshwi.

Wakisema ndiyo, jifunzeni kwa majirani wetu wa pwani ya Kenya. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, ulianza kupokea watalii mwaka 2001, na mwaka 2008 misitu ya Kaya ya Mijikenda ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, huongozwa na mtu wa mahali, na hatoki na kitu chochote, hata jani. Masharti yale ya wazee yaliulinda msitu karne nyingi kabla ya mtalii wa kwanza, na sasa ndiyo yanayomfanya mtalii aone kwamba ameingia mahali tofauti.

Kwa Uluguru, kundi lisizidi watu sita. Njia iwe moja, isiyopita juu ya mizizi wala makaburi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, pumzisheni njia za mteremko. Udongo uliolowa ukikanyagwa unamomonyoka, na maji ya milima hii ndiyo yanayoujaza mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Huko Borobudur, Indonesia, nyayo za watalii zilikuwa zinazila ngazi za mawe za hekalu, hadi sasa wanaopanda juu wamewekewa kikomo cha idadi kwa siku, na huvaa kandambili maalumu za kufuma zinazoitwa upanat. Jiwe la Borobudur limechoka. Udongo wetu huchoka upesi zaidi.

Na tambiko lisichezwe kwa ajili ya kamera. Mzee anaweza kusimulia, kuonyesha kigoda, kuimba wimbo wa mavuno. Kumwita apige ramli ya maonyesho ili mgeni afurahi ni kumdhalilisha, na watoto wanaotazama watajifunza kwamba mambo ya babu ni mchezo wa kuuzwa.

9. Wanaotaka kukaa zaidi

Mwaka 2002, Kombe la Dunia lilipochezwa Korea Kusini na Japani, mahekalu ya Kibuddha ya Korea yalifungua vyumba vyao kwa wageni kwa kuwa hoteli hazikutosha. Mgeni alilala hekaluni, akaamka alfajiri na watawa, akala chakula chao, akafagia ua. Mpango huo, unaojulikana kama Templestay, ulidumu baada ya mpira kwisha. Watu walipenda kupewa kazi.

Nyumba za watawa na misheni za milimani zenye vyumba vya wageni zinaweza kufanya hivyohivyo. Mpeni mgeni ratiba ya nyumba: kengele ya asubuhi, uji, saa mbili za kupalilia bustani ya mboga, chakula cha mchana kwa kimya, matembezi, sala ya jioni kwa anayependa. Vyumba viwili vinatosha kuanzia. Kitanda safi, chandarua kisichotoboka, maji ya moto ndoo moja jioni, kwa kuwa huko juu Uluguru, kama Mgeta na Bunduki, kuna baridi. Hakuna haja ya runinga.

10. Siku ya majaribio

Kabla ya kutangaza, fanyeni ziara moja ya majaribio. Waalikeni watu wanane: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine asiye wa dini yenu, mtu anayetumia kiti mwendo, asiyeona, mzee, mama mwenye mtoto mgongoni, mgeni asiyejua Kiswahili, mwongoza watalii, na jirani wa dini nyingine. Waacheni wafike wenyewe kuanzia stendi. Msiwasaidie mpaka waombe. Mjumbe mmoja wa kamati aandike kila mahali waliposita, walipouliza, walipokwama.

Kisha kaeni nao, mnywe chai, muwasikilize bila kujitetea. Gawanyeni mliyoandika mafungu mawili: yanayoweza kurekebishwa wiki hii kwa mikono yetu, kama benchi, kamba, khanga, bango, na yanayohitaji fedha na fundi, kama mteremko na choo. Ya kwanza yafanyeni kabla ya Jumamosi. Ya pili yapangieni mtu na tarehe.

Miezi mitatu baadaye warudieni waumini na swali moja: saa zenu za ibada zimebaki zenu? Wakisema ndiyo, ongezeni siku moja ya ziara. Wakisema hapana, punguzeni moja bila kusubiri kikao cha mwaka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kupona kwa mwenyeji ndicho kipimo cha kazi yote hii. Anayesali hapo kila siku akiwa bado anapata utulivu aliokuja kuutafuta, mgeni naye ataupata, maana huo ndio alioufuata kutoka mbali.